Dakika 150 kwa Wiki: Shilingi Ipi Inaulinda Moyo Zaidi?

Ukilipia jimu, ukinunua raba au baiskeli, unachonunua hasa ni dakika: zile ambazo moyo unapiga haraka na pumzi inapanda. Vioo ukutani, muziki mkubwa na jina lililoandikwa kwenye fulana havifiki kwenye mishipa ya damu. Kwa hiyo hapa sitalinganisha huduma za mazoezi kwa bei ya mwezi, kama mabango yanavyotaka tufanye. Nitalinganisha kwa bei ya dakika moja iliyofanyika kweli, maana hiyo ndiyo inayomlinda mtu.

Na ulinzi huo tunauhitaji. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa mwaka 2019 magonjwa ya moyo na mishipa ya damu yaliua watu milioni 17.9, na vifo 85 kati ya kila 100 vilitokana na shambulio la moyo na kiharusi. Hapa kwetu, kati ya mwaka 2003 na 2006, watafiti walihesabu watu waliopata kiharusi katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na katika maeneo ya Dar es Salaam. Tofauti za umri zilipowekwa sawa, Hai ilikuwa na wagonjwa wapya takriban 109 kwa mwaka katika kila watu 100,000. Dar es Salaam ilikuwa na 316. Sababu za pengo hilo ni nyingi, na presha isiyotibiwa iko mbele. Lakini maisha ya kukaa, kutoka kitandani hadi kwenye gari, kutoka kwenye gari hadi kwenye kiti, huenda ni sehemu ya hadithi hiyo, na ni sehemu ambayo mtu anaweza kuibadilisha bila kungoja bajeti ya serikali.

Dozi ni kiasi gani?

Ushahidi wa kwanza wenye nguvu ulitoka kwenye mabasi. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na kondakta walikuwa kwenye gari moja na zamu moja, ila dereva alikaa siku nzima, na kondakta alipanda na kushuka ngazi akikusanya nauli. Makondakta walipata ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa kiwango cha chini sana kuliko madereva, na ulipowapata ulikuja wakiwa na umri mkubwa zaidi. Tangu hapo tafiti zimefanyika katika nchi nyingi, na mwelekeo umebaki uleule.

Kinachotokea mwilini kinaeleweka. Damu inapopita kwa kasi, ukuta wa ndani wa mshipa hutoa naitriki oksaidi, kemikali inayoulegeza mshipa ili upanuke. Mshipa uliozoea kupanuka hauwi mgumu haraka, na shinikizo linashuka. Kwa mtu mwenye presha ya juu, mazoezi ya kawaida kama kutembea haraka hushusha namba ya juu kwa pointi 5 hadi 8 hivi. Misuli nayo hujifunza kuvuta sukari kutoka kwenye damu, na hatari ya kisukari, rafiki mkubwa wa kiharusi, inapungua.

Mwongozo wa WHO wa mwaka 2020 unawataka watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au makali kwa dakika 75 hadi 150, pamoja na ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Kipimo cha wastani hakihitaji saa janja. Ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, uko kwenye wastani. Ukishindwa kutoa zaidi ya maneno machache bila kuvuta pumzi, umefika kwenye makali.

Anayeona dakika 150 ni nyingi asikate tamaa. Utafiti wa Taiwan uliowafuatilia watu zaidi ya 416,000, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kuwa waliofanya mazoezi dakika 15 tu kwa siku walikuwa na hatari ya kufa pungufu kwa asilimia 14 wakilinganishwa na wasiofanya kitu, na waliishi wastani wa miaka mitatu zaidi. Na anayepata nafasi Jumamosi na Jumapili tu, naye ana lake. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa Uingereza wa watu karibu 90,000 waliovaa kifaa cha kupima mwendo mkononi. Waliokusanya sehemu kubwa ya dakika zao katika siku moja au mbili walipata kinga dhidi ya shambulio la moyo na kiharusi inayokaribia sawa na ya wale waliozisambaza wiki nzima.

Hatua 10,000 kwa siku nazo zisikutishe. Namba hiyo ilienea kutokana na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani katika miaka ya 1960, haikutoka maabara. Faida huanza kuonekana mapema zaidi, na kwa watu wa miaka 60 na kuendelea, hatua 6,000 hadi 8,000 kwa siku zinaleta sehemu kubwa ya faida hiyo.

“Mimi kazi yangu ni mazoezi tosha”

Kauli hii tunaisikia kila siku, na inastahili jibu la heshima, kwa sababu ina ukweli ndani yake. Utafiti mkubwa wa nchi 17, zikiwemo maskini, uliochapishwa mwaka 2017, uliona kuwa mwendo wa aina yoyote, wa burudani, wa kazini au wa kwenda sokoni, ulihusiana na vifo vichache na ugonjwa wa moyo pungufu. Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi hutembea na kufanya kazi za kuhemesha zaidi ya saa mbili kwa siku katika kutafuta chakula, na watafiti waliowapima walikuta presha ya juu ni nadra kwao.

Lakini kuna kazi na kazi. Mwaka 2021 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya watu zaidi ya 104,000 wa Copenhagen. Waliojishughulisha sana wakati wa mapumziko walikuwa na hatari ndogo ya shambulio la moyo na kiharusi. Waliofanya kazi nzito sana za mwili kazini walikuwa na hatari kubwa zaidi.

Mtazame msukuma mkokoteni pale Kariakoo anapoukwamua mkokoteni uliojaa marobota. Anabana pumzi, mishipa ya shingo inamtoka, mikono inakakamaa, magurudumu hayajatembea hata hatua moja. Katika sekunde hizo shinikizo la damu linaruka juu sana, kwa sababu misuli iliyokazwa inaibana mishipa iliyomo ndani yake. Anayatenda hayo tangu alfajiri mpaka jioni, juani, bila kuchagua kasi wala saa ya kupumzika. Anayetembea haraka kwa nusu saa anavuta na kutoa pumzi kwa mpangilio, mishipa inapanuka, kisha mwili unapewa muda wa kujijenga.

Kwa mbeba mizigo, basi, pesa ya mazoezi haina haja ya kwenda kwenye vyuma. Kitakachomfaa ni kupima presha, kunywa maji ya kutosha, kulala, na kutembea kwa wepesi siku anayopumzika. Kwa dereva wa bodaboda, dereva wa daladala, fundi cherehani, mwenye duka na karani, mambo ni kinyume. Wanachoka, lakini ni uchovu wa kukaa. Hao ndio wenye deni la dakika.

Hesabu, chaguo kwa chaguo

Bei hutofautiana mtaa na mtaa, kwa hiyo bei za vifaa na huduma nitakazotumia ni za mfano. Weka za kwako, kanuni itabaki ileile: jumlisha kila unachotoa, nauli ikiwemo, kisha gawanya kwa dakika ulizofanya. Dakika 150 kwa wiki ni 600 kwa wiki nne, na 7,800 kwa mwaka.

*Kutembea.* Gharama halisi ni raba. Kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, dakika 150 ni kilomita 12 na nusu kwa wiki, karibu 650 kwa mwaka, umbali ambao raba nzuri inauhimili. Raba ya 40,000 ikikufikisha mwaka, dakika moja inakugharimu shilingi 5.

Nauli inaweza kuigeuza gharama hiyo kuwa akiba, ila hapa pana mtego. Kwa nauli zilizoanza Desemba 2023, safari ya daladala isiyozidi kilomita 10 ni shilingi 600, na ukishuka vituo viwili kabla unalipa 600 ileile. Anayeokoa ni yule anayeunganisha magari. Kama gari lako la pili ni la kumalizia kilomita mbili na nusu, liache, zitembee. Ni nusu saa ya mwendo wa haraka. Siku tano za kazi zinatimiza dakika 150, na mfukoni zinabaki shilingi 3,000 kila wiki. Kwa wiki 50 za kazi ni 150,000, raba zaidi ya tatu.

Raba za mitumba, pale Karume au kwenye soko lolote, zinafaa ukijua kuzichagua. Usiangalie soli ya chini peke yake. Bonyeza kwa kidole gumba sehemu ya sponji kati ya soli na kiatu: ikiwa ngumu kama ubao au imejaa mikunjo, imeshakufa hata kama juu inang’aa. Ishike kisigino na ncha uikunje. Inatakiwa kupinda pale vidole vinapokunjika, si katikati ya wayo. Iweke juu ya meza uitazame kwa nyuma, na ikilalia upande mmoja, mwenye nayo wa kwanza ameshaipinda kwa mwendo wake.

*Kamba.* Kamba ya 5,000 ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote, na kwa kuwa kuruka ni zoezi kali, dakika 75 kwa wiki zinatosha. Hiyo ni robo saa kwa siku tano, uani, wakati ugali uko jikoni na mwingine anausonga. Dakika moja ni shilingi moja na kidogo. Urefu unaukagua hivi: kanyaga katikati ya kamba, vuta mipini juu, ifike kwapani. Ikizidi itakukwaza, ikipungua itakulazimisha kuinama. Gharama yake iko kwenye magoti na vifundo vya miguu. Mwenye uzito mkubwa, mwenye maumivu ya magoti, au mwenye presha isiyodhibitiwa aanze na kutembea kwa miezi miwili au mitatu.

*Klabu za jogingi.* Fulana ya 15,000, mchango wa 5,000 kwa mwezi, na raba zinazoisha haraka kidogo kwa sababu ya kukimbia, tuseme 60,000 kwa mwaka. Jumla ni 135,000. Klabu ikikimbia saa moja kila Jumamosi na Jumapili, unapata dakika 6,240 kwa mwaka, na kila moja ni shilingi 22. Hiyo ni zaidi ya mara nne ya kutembea peke yako, na bado nasema ina thamani. Klabu inanunua vitu viwili ambavyo mtu mmoja hawezi kujinunulia: usalama wa kuwa barabarani alfajiri, jambo zito hasa kwa wanawake, na watu watakaokupigia simu usipoonekana. Zanzibar, ambako vikundi vya mazoezi hukusanyika kwa tamasha kubwa kila Januari 1, wanajua nguvu ya jambo hili. Kabla ya kujiunga uliza mapema kuhusu safari za bonanza, sare za pili na michango ya sherehe, maana hizo ndizo zinazoweza kuzidi ada yenyewe. Uliza pia kama kuna kundi la wanaoanza. Klabu inayokuburuza kwa kasi ya vijana wa miaka 22 haikufai.

*Baiskeli.* Tuseme baiskeli ya mitumba 180,000, kufuli na kofia ngumu 50,000, na matengenezo 60,000 kwa mwaka. Kwa miaka mitatu ni 410,000. Ukitimiza dakika zako, kila moja ni shilingi 18, na ikichukua nafasi ya nauli ya kwenda na kurudi, gharama hiyo yote ya miaka mitatu inarudi katika mwaka wa pili. Inayapumzisha magoti kuliko kukimbia. Barabara ndiyo inayoamua. Kama kutoka kwako hadi kazini hakuna njia ya pembeni, na ni wewe na malori tu, usiidharau hatari hiyo kwa sababu ya hesabu yangu.

*Jimu.* Chukua ada ya 60,000 kwa mwezi. Ukienda mara tatu kwa wiki, dakika 50 kila mara, unafikisha dakika 600. Jimu ikiwa jirani, dakika ni shilingi 100. Ikihitaji nauli ya kwenda na kurudi, ongeza 14,400, na dakika inapanda hadi 124. Ukiishia kwenda mara moja kwa wiki, kama inavyowapata wengi ifikapo mwezi wa tatu, dakika ileile inakuwa shilingi 324.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa mwezi, uliza bei ya siku. Ikiwa ni 3,000, gawanya 60,000 kwa 3,000: utapata 20. Usipofikisha mara 20 kwa mwezi, kulipa kwa siku ni nafuu. Ukilipa mwaka mzima ili upewe punguzo, uliza kwa maandishi kinachotokea ukiugua, ukihama, au jimu ikifungwa. Faida ya kweli ya jimu ni vyuma na mwalimu anayejua kazi, kwa ajili ya zile siku mbili za misuli. Lakini pushapu, kuchuchumaa na kuinuka, na kubeba ndoo ya maji kwa zamu ya mikono vinafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo nyumbani bure. Mwalimu anayekuanzishia mazoezi bila kukuuliza habari za presha, sukari na dawa unazotumia, muage.

*Mashine ya kukimbilia nyumbani.* Kwa 1,500,000, mtu mmoja akiitumia kikamilifu kwa miaka mitatu, dakika ni shilingi 64 bila umeme wa LUKU na mafuta ya mkanda. Watatu wakiitumia, inashuka hadi 21. Ina maana kwa familia, kwa mzee asiyeweza kutoka, au kwa mtaa usio salama. Kwa wengine wote, kilomita wanazouziwa ziko nje ya mlango.

*Bahari na mpira.* Kuogelea baharini hakuna kiingilio na hakuumizi viungo, mradi ujue kuogelea, uulize habari za maji kujaa na kupwa, na usiende peke yako. Mpira wa mtaani ni mzuri kwa anayeucheza mara kwa mara. Mtu wa miaka 45 aliyekaa mwaka mzima kisha akaingia uwanjani kwa ajili ya mechi ya wazee dhidi ya vijana anauomba moyo wake mbio za ghafla ambazo haujajiandaa nazo. Atembee kwa wiki kadhaa kwanza.

Pesa usizopaswa kutoa

Mikanda ya kutikisa tumbo haikupi dakika hata moja, kwa sababu moyo haufanyi kazi. Saa janja ni nzuri kwa anayependa kuhesabu, lakini haishushi presha. Soda baada ya mazoezi inarudisha ulichotoa: chupa ya mililita 350 ya kola ina sukari takriban gramu 37, karibu vijiko tisa vya chai. Maji yanatosha kwa mazoezi ya chini ya saa moja.

Kuna kifaa kimoja ambacho ningekitetea kwenye bajeti ya familia yenye mtu wa presha: mashine ya kupimia, ya kufunga juu ya kiwiko. Zile za kufunga kifundo cha mkono hukosea kwa urahisi. Familia mbili au tatu zinaweza kununua moja kwa pamoja.

Kabla ya kuanza

Pima presha kwanza. Namba ya juu ikifika 180, au ya chini 110, muone daktari kabla ya zoezi lolote la kuhemesha. Vivyo hivyo ukiwahi kuumwa moyo, ukipata maumivu ya kifua unapopanda ngazi, au ukizimia. Mazoezi hayachukui nafasi ya vidonge. Wapo wanaoacha dawa wakijiona wana nguvu, na hao ndio wanaofikishwa hospitali upande mmoja umelegea. Kifua kikibana katikati ya zoezi, simama, tafuta msaada. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au kauli ikikwama ghafla, nenda hospitali saa hiyohiyo. Kiharusi cha mshipa kuzibwa na bonge la damu kina dawa ya kuliyeyusha inayotolewa ndani ya saa nne na nusu za kwanza, na kungoja asubuhi ni kuipoteza nafasi hiyo.

Uamuzi wangu

Kwa mtu wa kipato cha kawaida anayeanza leo, pesa ya kwanza iende kwenye raba, na dakika zitoke kwenye safari ambazo tayari anazifanya. Pesa ya pili iende kwenye watu: klabu, au majirani wawili wa kutembea nao. Kamba ni ya mwenye muda mchache na magoti mazima. Jimu inunuliwe kwa siku mpaka mtu ajijue, kisha kwa mwezi ikiwa mahudhurio yanaidai. Anayeimudu na anaipenda, aende bila kusitasita. Dakika ya shilingi 124 anayoifanya ni bora kuliko ya shilingi 5 asiyoifanya.

Mwisho wa mwezi huu kaa na karatasi. Andika ulichotumia, andika dakika ulizofanya kweli, gawanya. Namba itakayotoka ndiyo itakayokuambia kama mwezi ujao ulipie tena ada hiyo, au ufunge kamba za raba na uanze kutembea.